Binti Niliyemkana Stesheni

Goba, Ijumaa alasiri

Mwanangu Doreen,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani ya mihogo iliyokuwa ya watu wawili. Mimi ndiye si mzima sana, ila si ugonjwa wa kwenda nao hospitali. Sasa hivi uko saluni, na kwa hizo rasta ndogo ulizozitaka najua hutatoka kabla ya magharibi. Baba yako yuko sebuleni anapima begi lako kwa mara ya nne. Anapanda mzani akiwa nalo, anashuka, anapanda bila begi, anatoa, kisha anasema mzani mbovu. Nimejifungia chumbani kwako, kwenye meza yako, kwa sababu humu hakuna atakayenitafuta.

Sitakuandikia habari za soksi nzito wala za kutunza pasipoti wala za kusali. Hayo nimeyasema mpaka umekuwa unanijibu kabla sijamaliza. Nataka kukwambia jambo moja ambalo mpaka jana nilikuwa nalijua peke yangu, na ambalo tangu leo asubuhi wanalijua watu wawili zaidi, baba yako na mama yako mdogo Minza. Ni jambo la aibu. Jana tulipokuwa tunakunja nguo nilitaka kukwambia kwa mdomo, ukaniuliza, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" nikakujibu naangalia ulivyokua. Ulikuwa uoga tu.

Jumapili wanajumuiya walipokuja kukuombea safari, ulisimama kutoa ushuhuda. Ukasimulia ile hadithi yetu, ile ambayo baba yako huisimulia kila Krismasi akicheka mpaka machozi. Ukasema mama yako alikwenda kusoma Uswidi enzi hizo, na mwaka wa pili akatakiwa kumpokea binti mgeni kutoka nyumbani, lakini siku hiyohiyo malaria ikamwangusha, malaria kwenye nchi ya barafu, na yule mgeni, Minza, alipofika mwenyewe kwa shida zake akaanza kumuuguza mwenyeji wake hata hajafungua mzigo. Ukasema undugu wao ulianzia hapo, na kwamba leo Minza, aliyebaki hukohuko, ndiye anayekupokea wewe. Watu wakapiga makofi. Mzee wetu wa kanisa akasema ujifunze kwa mama zako hawa wawili. Mimi nikakimbilia jikoni nikisema pilau inaungua. Pilau ilikuwa imeshaepuliwa zamani, Doreen. Nilisimama mbele ya sufuria iliyofunikwa nikashika mfuniko, nisijue niufanye nini.

Sikuwa na malaria. Sikuwa naumwa hata kichwa.

Nikusimulie ilivyokuwa. Kwenye ule mji mdogo nilikuwa Mtanzania peke yangu. Mwaka wa kwanza niliteseka kwa upweke, kisha nikapata marafiki wawili wa darasani, wasichana wa kulekule, mmoja akiitwa Karin. Jina la wa pili limenitoka kabisa, na hilo lenyewe linaniumiza, kwa jinsi nilivyokuwa nawaogopa. Hawakuwa watu wabaya. Walinifundisha kutembea kwenye barafu, wakanialika kwao. Ila nilikuwa nimejitengenezea kwao mtu ambaye si mimi. Nikiongea habari za nyumbani nilichagua ghorofa za mjini na bahari. Siku moja tukila pamoja, Karin akafungua kitabu chake chenye picha ya mwanamke wa Kiafrika amepiga magoti akimsalimia mtu. Akaniuliza kama na sisi tunafanya hivyo. Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, kwetu hakuna tena. Mimi, ambaye bibi yangu kule Same sikuwahi kumsalimia nimesimama.

Ndipo ikaja barua ya baba yake Minza kutoka Shinyanga. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwandiko wake umenyooka kama wa ubaoni. Aliandika kwamba binti yake amepata nafasi katika chuo chetu, na kwamba amesikia yupo dada yao pale. Ndani ya bahasha alitia picha ndogo ya pasipoti ya binti yake. Neno moja sijalisahau: "Namkabidhi mikononi mwako." Nikamjibu kwamba asiwe na wasiwasi hata kidogo. Niliandika vizuri sana, ungenipenda kwa ile barua.

Siku ya kumpokea, Karin na mwenzake wakasema watanisindikiza stesheni wamsaidie mgeni mizigo. Nikafurahi. Tulisimama karibu na kibanda cha magazeti, mimi nimejifunika kofia na skafu mpaka puani kwa baridi, na treni ilipoingia nilimwona kabla hajashuka vizuri, kwa sababu alikuwa anafanana na picha yake kabisa. Alikuwa na boksi kubwa lililofungwa kamba ya katani. Alilitua chini kwanza, akaliangalia, kisha akalitwika kichwani kama vile anatoka sokoni, akaanza kutembea na shingo yake imenyooka, mikono haijalishika. Watu wakawa wanampisha na kugeuka. Nilihisi uso wangu unapata moto. Lakini hapo bado ningekwenda, nataka uamini hivyo. Nilikuwa nimeshapiga hatua.

Mbele yake palikuwa na mama mmoja mweusi, mfagiaji wa stesheni. Baadaye nilijua ametokea Ethiopia. Minza alipomwona, uso wake ukafunguka wote. Alikuwa na siku mbili hajaona mtu wa rangi yake, na akilini mwake mweusi yeyote pale lazima awe ndiye yule dada wa kwenye barua. Akalitua boksi. Akapiga magoti yote mawili juu ya sakafu ile yenye maji ya theluji, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya nyumbani kwao, "Shikamoo dada."

Yule mama alishtuka, ufagio ukamwanguka. Akawa anamvuta mkono amwinue, Minza naye haelewi, anangoja aitikiwe ndipo ainuke, maana ndivyo alivyolelewa. Watu walisimama. Wengine walicheka, si kicheko kibaya sana, kile cha mtu aliyeona kitu asichokitegemea. Mmoja alitoa kamera.

Karin akanigusa bega. Akaniuliza, "Ni huyo?"

Nikasema, "Hapana. Huyo simjui. Wangu hakuja."

Nilimtazama Karin machoni nilipoyasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, hata ya masikitiko kidogo, kama mtu aliyekosa mgeni wake kweli. Kisha tukaondoka. Wao wakanihurumia, wakanipeleka kunywa kahawa. Nilijiambia nitarudi peke yangu baada ya nusu saa. Nusu saa ikapita nikaagiza kahawa nyingine. Giza likaingia, huko linaingia mapema, nikajiambia sasa atakuwa ameshapata msaada, polisi wa kule ni watu wazuri. Nikaenda bwenini nikalala. Unajua kilichonizuia kurudi? Si baridi. Nilikuwa naogopa kumkuta bado yupo.

Alikuwepo. Hakutaka kuingia hata kwenye chumba cha abiria kwa kuhofia kwamba nikifika nje sitamwona. Alikaa juu ya boksi lake barazani mpaka yule mama mfagiaji alipomaliza zamu yake, akamchukua kwake kwa ishara za mikono. Asubuhi akamleta hadi mlangoni kwangu kwa kufuata anwani iliyokuwa kwenye karatasi. Nikasikia mlango unagongwa na sauti ya Kiswahili inaniita jina. Nilijifunika blanketi mpaka kidevuni. Alipoingia na kuniona, neno likanitoka lenyewe, wala sikuwa nimelipanga. Nikasema, "Malaria."

Minza alilia, Doreen. Si kwa sababu ya usiku aliolala kwa mtu asiyemjua. Alilia kwa kunionea huruma, kwamba nimelala peke yangu naumwa ugenini, na yeye kule stesheni alikuwa ananinung'unikia moyoni. Aliniomba msamaha kwa manung'uniko hayo. Akapiga magoti pale kando ya kitanda akanisalimia upya, na mimi nikaitikia marahaba.

Siku tatu niliumwa. Nilitetemeka kwa ufundi mkubwa. Ndani ya lile boksi mama yake alikuwa amemfungia mfuko mdogo wa unga wa ulezi wa kuanzia maisha, na binti yule akanipikia uji asubuhi, mchana na jioni, kwenye jiko la bwenini ambalo hakujua hata linawashwaje. Yeye hakuonja, alisema ni wa mgonjwa. Siku ya tatu unga ukaisha. Alikung'uta mfuko juu ya sufuria, akaukunja vizuri, akauweka. Alikohoa mwezi mzima baada ya hapo, kikohozi cha ile baridi ya stesheni, na mimi nikawa namnunulia dawa na kila mtu akiniona dada mwema. Karin alipomtambua, nilimwambia kule stesheni sikumjua kwa umbali, akaniamini.

Yapo makosa ambayo ukiyafanya unajua umekosa, unaomba radhi, yanaisha. Hili langu nililivalisha nguo nzuri likawa hadithi ya familia. Kila mara liliposimuliwa nilipata nafasi ya kulisahihisha, na kila mara nikacheka na wengine. Tena nililiongezea. Majira yale ya baridi nilimwita Minza chumbani nikamfundisha kwamba huku watu hawapigi magoti, wanashangaa, waache. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayemtakia mema. Aliacha. Miaka mingi baadaye alipokwenda nyumbani kumwona baba yake alimsalimia amesimama, kwa mazoea tu, na mzee akanyamaza. Alinisimulia hayo kwenye simu wiki ya msiba wa mzee huyo. Aliniuliza, "Hivi kwa nini niliacha, dada?" Nikamwambia ndiyo maisha, tunabadilika.

Nawe umeshaniona nikiwa hivi, ila hukujua unaona nini. Unakumbuka tulipokupeleka kwenye chakula cha mahafali yako, ile hoteli ya Mbezi Beach? Tulipokaa mezani uliuliza bibi yuko wapi. Nikakwambia amechoka, amependa kupumzika kwenye gari. Bibi yako hakuwa amechoka. Alikuwa amevaa ndala na kikoi juu ya gauni, na mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha alikuwa meza ya jirani. Nilimwambia mama yangu mzazi abaki kwenye gari kwanza, na yeye akasema, "Mie nipo tu, mwanangu, nyie nendeni." Wewe hukunigombeza. Ulikwenda ukamleta umemshika mkono, ukamkalisha kwenye kiti changu, ukaenda kunitafutia kingine. Nilitamani ardhi inimeze, na mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya zile ndala.

Kwa hiyo sikuandikii ili nikufundishe. Katika jambo hili wewe ndiye uliyenizidi, na sijui ulilitoa wapi, maana kwangu hukulipata. Nakuandikia kwa sababu kesho unaingia ugenini, na ugenini una kitu ambacho hakuna aliyenionya. Utatamani kupendwa na watu ambao hawajakuona ulikotoka. Ni tamaa ya kawaida kabisa, haina sura mbaya. Itakuja siku umekaa nao vizuri, mnacheka, halafu atapita mtu wa kwenu mwenye sauti kubwa au boksi kichwani. Utajisikia moto usoni. Ukiusikia, usidhani umekuwa mtu mbaya. Mimi niliusikia moto ule na bado nilikuwa na nafasi ya kupiga hatua kumi tu. Ubaya ulikuwa kwenye zile hatua ambazo sikuzipiga.

Na ukishindwa, kwa maana unaweza kushindwa, rudi kesho yake useme umeshindwa. Nimekuwa nikifikiria ingekuwaje kama Minza alipoingia mlangoni ningemwambia, nilikuona nikaona aibu, nisamehe. Angelia pia, nadhani. Labda angenichukia mwaka mzima. Lakini ule uji ningekuwa nimeukosa kwa haki, na upendo wake wote wa miaka hii ningekuwa naujua ni wangu. Sasa hivi sijui ni wa nani. Nadhani ni wa yule mgonjwa, ambaye hakuwepo.

Sasa nikwambie la leo. Asubuhi ulipokwenda Kipawa kuwaaga shangazi zako, nilimpigia Minza. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, sikuruka kitu, hata lile la Karin. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwambia karibu na kibanda cha magazeti.

Akasema, "Nilikiangalia kile kibanda. Niliangalia kila mtu pale." Halafu akasema anaingia zamu, wazee anaowatunza kazini wanangoja kuamshwa, akakata simu. Nimemtumia ujumbe mara mbili. Ameusoma, hajajibu.

Baba yako amekasirika, na simlaumu. Aliniambia, "Mama Doreen, hiyo ishu si ungeiacha kwanza? Miaka yote umekaa nayo, unakuja kuitoa leo mtoto yuko mguu nje?" Alitaka ningoje ufike, upokelewe, uzoee, ndipo niseme. Nimelifikiria sana. Lakini kama ningengoja, ungekuwa umelala kwenye kitanda cha mwanamke yule, unakula chakula chake, na yeye anakupenda kwa ajili ya mama ambaye hakuwahi kuwepo. Ningekuwa nimeumaliza unga wake mara ya pili. Na juzi nilipomtumia picha yako, nilijikuta nimeandika chini yake, namkabidhi mwanangu kwako. Nilipoyaona maneno hayo kwenye simu yangu sikuweza kulala.

Kwa hiyo nimekuharibia, mwanangu, na lazima ujue. Inawezekana ukitoka pale uwanja wa ndege usimkute mtu. Hilo ni tunda la mkono wangu, si lake, na nakuomba usimnung'unikie hata moyoni. Chuo chako kina watu wanaopokea wanafunzi wageni. Baba yako ameshawaandikia, karatasi yao ameitia mfuko wa mbele wa begi dogo, na hutalala nje. Ukikutana na Minza siku yoyote, iwe kesho au baada ya miaka, hujatumwa kuniombea msamaha. Usinisemee. Kama atataka kuzungumza habari zangu, msikilize. Kama hatataka, nyamazeni wote wawili.

Sikujua kama nikupe barua hii kabla au baada. Nimeamua nitakupa mkononi ukirudi kutoka saluni, uisome humu chumbani kwako nikiwa nje ya mlango. Ukitaka kutoka na kunipita bila kunisemesha, nipite. Ukitaka kuniuliza, nitajibu kila unachouliza. Ninachoogopa ni kimoja tu, kwamba utapanda ndege huna mtu uliyekuwa unamwita mama. Ninaogopa sana, Doreen. Ila mama uliyemtolea ushuhuda Jumapili hakuwepo, na nimechoka kumwona akipigiwa makofi.

Niliiweka kalamu chini nilipofika hapo, nikamsikia baba yako anaita kwamba begi limekaa sawa, amepunguza viatu. Nilipotaka kuinuka, simu ikaingia ujumbe. Ni wa Minza. Siku zote ujumbe wake huanza na neno dada, kisha salamu za nyumba nzima, baba, watoto, mpaka paka. Huu hauna. Nakunakilia ulivyo:

"Mwambie mtoto asitoke nje ya jengo, kuna baridi kali. Akae alipo. Nitaingia ndani kumchukua."

Nimeusoma nikilitafuta lile neno juu yake na chini yake, halipo. Fanya kama alivyosema. Kaa alipokwambia ukae, atakuja.

Mama yako